Mwalimu wa sosholojia haleti madesa (notisi za kukariri), anatupandisha daladala. Nisaini barua au nisisaini?

Kijana_wa_Nyuki:

Salaam wakuu. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapahapa Dar, jina naliacha maana najua humu mmejaa. Nachukua sosholojia. Semista hii tumepewa mwalimu mpya wa kozi ya nadharia na naomba mnisaidie mawazo kabla ya Ijumaa maana Ijumaa CR (kiongozi wa darasa) anapeleka barua ya kumlalamikia kwa mkuu wa idara.

Iko hivi. Siku ya kwanza tumekaa venyu, kipindi saa mbili asubuhi, inafika na robo, mwalimu hakuna. Watu wanapiga stori, wengine wameshatoa chapati. CR akaamua kumpigia. Simu ikaita mlemle ndani. Tunageuka, baba wa watu kakaa siti ya nyuma kabisa pembeni ya feni mbovu, begi mapajani, kumbe tumeingia naye. Hakuinuka hata. Akauliza palepale alipokaa, "mlijuaje kwamba kipindi hakijaanza? Wanafunzi mpo, mwalimu nipo, saa imefika, nini kilikuwa hakipo?" Tukacheka, baadae tukaanza kujibu, mmoja akasema hujasimama mbele, mwingine akasema hujavaa kama mwalimu, mwingine hujasema good morning class, basi masaa mawili yote yakaishia hapo. Hakuna slaidi, hakuna notisi, ubao kaandika neno moja tu.

Sawa, siku ya kwanza tulifurahi. Sasa ni wiki ya saba na ndo mwendo huohuo. Tukimwomba madesa anasema "mtayaandika nyie." Kazi ya kwanza aliyotupa ni kupanda daladala kutoka Makumbusho mpaka Tegeta Nyuki mara mbili, asubuhi saa kumi na mbili na jioni wakati wa kugombania, alafu tuandike kurasa mbili tulichokiona, na marufuku kutumia maneno "maadili", "ustaarabu" na "tabia". Mi nakaa Tegeta, hiyo ruti naijua kama kiganja changu, nikaandika kwa kujiamini kabisa. Nimepata 8 kati ya 20. Nilipoandika kwamba makonda hawana utu wanawanyanyasa wanafunzi kazungushia peni nyekundu, pembeni kaandika "Nani kakwambia? Umemuuliza konda?"

Mkuu, nane! Waliotutangulia walikuwa na mwalimu wa slaidi, unakariri zile slaidi unaingia UE (mtihani wa mwisho wa semista) unatapika unatoka na B yako, maisha yanaendelea. Sisi tesiti ya pili ni baada ya wiki tatu na sijui nisome nini, nikapande ya Gongo la Mboto?

Mkopo wangu unategemea kutokudisko, yani kutofukuzwa chuo kwa kufeli. Kwaiyo swali: huyu anafundisha au ni mvivu wa kuandaa slaidi? Nisaini au nisisaini?

---

Pilipili_Kichaa:

Kama kupanda daladala ni sosholojia basi konda wa Mbagala ni profesa tangu juzi, mpeni joho lake. Saini hiyo barua mdogo wangu.

---

Dada_wa_Temeke:

Usisaini. Nimecheka hiyo ya simu kuita nyuma, huyo mtu namtamani angenifundisha mimi.

Nimemaliza 2015. Na sisi tulikuwa na mmoja wa aina hiyo, mama mmoja mpole sana. Alitupa kazi ambayo kumbe mwenyewe aliitoa kwa Mmarekani mmoja wa sosholojia anaitwa Garfinkel, alikuwa anafundisha chuo kikuu California na kitabu chake kilitoka 1967. Yeye aliwaambia wanafunzi wake warudi makwao wajifanye wapangaji, yani nyumbani kwenu mwenyewe unaishi kama mgeni aliyepanga chumba, adabu nyingi, huongei mpaka uongeleshwe. Dakika kumi na tano mpaka saa moja hivi. Kwao huko ndugu walichanganyikiwa, wengine wakakasirika, wanauliza vipi unaumwa, umefukuzwa chuo?

Sasa na mimi nkaenda kuifanya Temeke kwa mama yangu. Nimefika jioni nikabisha hodi mlango ambao huwa nasukuma tu. Mama yuko jikoni anakaanga vitumbua vya kesho, nikasimama mlangoni nikasema "samahani mama, kama haitakuwa usumbufu, naomba ruhusa ya kutumia choo." Mama kaniangalia. Kazima jiko. Wallah kazima jiko vitumbua viko kwenye chuma! Akaniita jina langu lote la shule, akaniuliza nani kaniudhi huko chuo. Nikaendelea, nikaomba maji ya kunywa kwa heshima zote, nikamuuliza bei ya glasi. Hapo ndo akampigia baba mdogo. Nusu saa baadae baba mdogo kafika na bodaboda, kanikalisha chini, anataka kujua kama nina mimba.

Nikawaambia jamani ni homuweki. Hawakuniamini mpaka leo, mama ananitania nikienda, "karibu mpangaji."

Lakini kile kitu hakijawahi kunitoka kichwani. Kumbe nyumbani kuna sheria chungu nzima ambazo hakuna aliyenifundisha na hakuna anayeweza kuzitaja, unazijua siku ukizivunja. Hiyo ndo aliyowafanyia mwalimu wenu siku ya kwanza bila kuwaambia jina lake. Kakaa nyuma, mkashindwa kuona mwalimu yumo ndani. Ungeisoma kwenye slaidi ingekuwa mistari minne, ungeisahau kabla ya kufika kantini.

Sa hizi kazi yangu ni kuzunguka vijijini kuhoji watu, na kinachonilisha ni hilohilo la kutokutoa hukumu kabla sijauliza. Wenzangu wenye GPA (wastani wa maksi) kubwa kunizidi wanarudi na dodoso zimejaa majibu yao wenyewe.

---

Kijana_wa_Nyuki:

Dada umeniua na bei ya glasi 😂 ila wewe ulipata ngapi kwenye hiyo kazi? Maana mi nina nane.

---

Dada_wa_Temeke:

Kumi na sita. Ila ya kwanza kabla ya hiyo nilipata saba, usinicheke.

---

Chaki_na_Vumbi:

Mimi nafundisha, chuo kingine, si sosholojia ila jirani yake. Ngoja niongee kama mtu aliyeko upande wa pili wa meza.

Kwanza hilo la uvivu litoe. Mvivu anaandaa slaidi mara moja anazitumia miaka kumi, anabadilisha tarehe tu ukurasa wa mbele, hata makosa ya herufi wanarithishana wanafunzi. Kusahihisha kurasa mbili za mtu aliyepanda daladala, huku unazungushia sentensi moja moja unauliza "nani kakwambia", ile kazi inakula wikiendi yako yote. Darasa lenu mko wangapi? Kama mko mia tatu kama langu basi huyo bwana halali. Wengi wetu tulianza hivyohivyo kama yeye tukiwa vijana, tukaacha, si kwa sababu tuliacha kuamini, ni hesabu ya karatasi ilituzidi. Niliwahi kufanya majadiliano ya vikundi kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa chini na nati, jaribu uone, watu wanageuza shingo mpaka zinauma.

Pili, anachowapa si kitu kipya alichookota njiani. C. Wright Mills, mwanasosholojia wa Marekani, aliliandika 1959 kwamba kazi ya fani hii ni kumfanya mtu aone uhusiano kati ya shida yake binafsi na jambo la jamii nzima. Mfano aliotoa ni wa ajira: mji wa watu laki moja, mtu mmoja hana kazi, mtazame yeye, ujuzi wake na hali yake. Nchi yenye wafanyakazi milioni hamsini, milioni kumi na tano hawana kazi, hapo ukimwambia kila mmoja wao "jitume" unajidanganya. Sasa chukua kijana wa mtaani kwako mwenye digrii anayeuza vocha. Nyumbani wanamwambia ana uzembe, shangazi anasema karogwa. Mwanafunzi wa sosholojia akiishia kwenye uzembe au uchawi, hajaanza kusoma bado. Na Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, 1897 alichukua jambo ambalo kila mtu anaona ni la mtu peke yake kabisa, kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake vinakwenda kwa makundi: waseja wanazidi waliooa, Waprotestanti wanazidi Wakatoliki, na mwaka hadi mwaka havibadiliki sana. Watu wamebishana na takwimu zake tangu hapo lakini namna ya kuuliza imebaki.

Kwaiyo konda wako ni kijana yuleyule wa vocha, kavaa sare ya konda tu. Umemwona anazuia wanafunzi mlangoni, ukaandika hana utu. Shangazi yako angeandika hivohivo bila kwenda chuo.

Ila, na hapa mwalimu mwenzangu anisamehe, kuna kitu amekosea. Amewasahihisha kwa kipimo ambacho hakuwaonyesha. Ukitoa kazi ya namna hii lazima uwape mfano mmoja mbaya na mmoja mzuri, muisome pamoja darasani, watu waone tofauti kabla ya kuwakata maksi. Na kama kosiweki ni 40 na UE ni 60, na hiyo UE inapitiwa na mtahini wa nje ambaye hajawahi kukaa siti ya nyuma na nyie, basi aseme mapema mtihani utafananaje. Hilo ni deni lake na mna haki ya kulidai. Lakini unalidai ofisini kwake, mnaenda watatu wanne na CR, saa za kuonana na wanafunzi zimebandikwa mlangoni. Barua kwa mkuu wa idara ikishaandikwa mwalimu anarudi kwenye slaidi kesho yake asubuhi, nimeliona hilo, na anakuwa hajali tena.

---

Pilipili_Kichaa:

Ticha umeongea vizuri ila ukweli bosi wa HR hataki kujua Durkheim, anataka GPA. Hili mnalikwepa kila siku.

---

Chaki_na_Vumbi:

Silikwepi. Ndo maana nimesema aeleze mtihani utafananaje.

---

Binti_Buguruni:

Mi naomba niseme kitu hakuna aliyekisema. Lugha.

Nilisoma kozi kama hiyo. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza "what do you see when you enter a daladala", darasa zima kimya kama msibani. Watu mia mbili wanaangalia peni zao. Kuna wawili waliosoma intaneshno ndo wanajibu kila siku, sisi wengine tunaonekana mambumbumbu. Siku moja akachoka akauliza kwa Kiswahili, "haya, ukiingia daladala ya Buguruni cha kwanza unafanya nini?" Heee! Kila mtu ana la kusema, kuna kaka tulidhani ni bubu alisimama akaeleza jinsi ya kugeuza, kwamba jioni ukiwa Kariakoo unapanda gari linaloingia stendi likiwa bado lina watu, unalipa nauli ya bure bure ili tu upate siti ya kurudi nayo, na kwamba wanaogeuza wanajuana kwa sura na wanawachukia wanaosubiri kwenye foleni, nao wa foleni wanawachukia wao. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni anafuta jasho. Kilikuwa kipindi bora kuliko vyote nilivyowahi kukaa.

Alafu tukaingia UE, swali kwa Kiingereza, yule kaka wa kugeuza akapata sapu, akatakiwa kurudia mtihani. Kila kitu alikuwa anakijua. Alishindwa kukiandika.

Tumesoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, sekondari wakatugeuzia, chuo ndo usiseme. Mtu anakariri slaidi si kwa sababu ni mvivu, anakariri kwa sababu sentensi za slaidi ni Kiingereza kilichokwisha kunyooshwa, akitunga ya kwake anaogopa kuchekwa. Ukimnyang'anya slaidi umemnyang'anya fimbo yake ya kutembelea. Huyo mwalimu wa siti ya nyuma, swali langu kwake ni hilo: anaruhusu waandike kwa Kiswahili hizo kurasa mbili?

---

Kijana_wa_Nyuki:

Dada umegusa penyewe. Anaruhusu rasimu kwa Kiswahili, ya kupeleka lazima Kiingereza. Na kweli ile ripoti yangu niliandika moja kwa moja kwa Kiingereza. "Conductors are inhumane." Saivi ndo nawaza, kwa Kiswahili nisingeandika "makonda si binadamu", ningeona aibu.

---

Mzee_wa_Changanyikeni:

Wanangu hamjambo. Mimi nilipita Mlimani miaka ya sabini mwanzoni, chuo ndo kimetoka kuwa chuo kikuu kamili 1970, kabla ya hapo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kilianzia 1961 mjini mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU. Naona mnaongea kana kwamba kufundisha kwa kuuliza ni mtindo wa jana.

Wakati wetu Walter Rodney alikuwepo, yeye ni wa historia. Kitabu chake cha Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 na kilichapwa pamoja na Tanzania Publishing House ya hapahapa Dar. Mabishano yalikuwa yanaanzia darasani yanahamia Nkrumah Hall mpaka usiku, mtu anakosa chakula cha jioni kwa ajili ya kubishana. Mwalimu Nyerere naye kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, aliilalamikia shule inayomfundisha kijana adharau kila kisichotoka kitabuni. Wakulima wazee wenye maarifa yao akawataja kabisa.

Lakini nisiwadanganye. Hata enzi hizo wakariri walikuwepo tele, na wengi wao ndo walikuja kuwa wakubwa wetu maofisini. Na tulikuwa wachache, darasa langu tungeenea daladala moja na siti zikabaki. Mia tatu ni habari nyingine, hapo nampa pole huyo ticha hapo juu.

---

Pilipili_Kichaa:

Shikamoo mzee. Daladala moja na siti zikabaki, hiyo haijawahi kutokea Dar.

---

Mzee_wa_Changanyikeni:

Marahaba. Na hazikuwepo, tulikuwa tunapanda mabasi ya DMT, kampuni iliyokuwepo kabla ya UDA.

---

Kijana_wa_Nyuki:

Wakuu nimerudi. Jana nimeipanda tena, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, safari hii nikaanzia Nyuki kuja Makumbusho, na nikafanya alichosema, nikamuuliza konda. Nilisimama naye mlangoni mpaka Africana hivi maana ndani hapakuwa na pa kuweka mguu.

Kumbe hata si konda wa hilo gari, ni deiwaka. Mwenyewe anaumwa, kamwachia siku moja. Kwaiyo ana hesabu ya tajiri (hela ya siku ya mwenye gari) lazima ifike jioni, mafuta juu yao, faini za trafiki juu yao, kinachobaki anagawana na dereva na yule konda wa kudumu anayeumwa naye atampa chochote. Mwanafunzi analipa nauli ndogo na anasimama palepale pa mtu mzima. Akaniambia hivi, nimeandika neno kwa neno, "mi siwachukii, mi mwenyewe nina wadogo zangu wawili Wazo wanaachwa kila siku. Nikijaza wanafunzi, hesabu utanilipia wewe?" Alafu kituo kilichofuata akasema "wawili tu wanafunzi, wawili tu!" Mmoja mkubwa akasimama mlangoni anajifanya anatafuta hela, wakapita watano chini ya mkono wake. Konda kaona. Kaangalia pembeni.

Na kitu ambacho nimepanda miaka yote sijawahi kukiona, wale watoto wakishaingia wamesimama, mabegi yanapokelewa. Hakuna anayeomba. Mama mmoja kwenye siti ya tairi alikuwa amepakata mabegi matatu na la kwake la sokoni, hata hakugeuka kuangalia ni ya nani, mkono umenyooka tu unapokea. Lugalo yule mtoto wa kwanza akashuka, begi likapita mkono kwa mkono juu ya vichwa mpaka mlangoni. Kwenye ripoti yangu ya mwanzo nilikuwa nimeandika abiria wa Dar hawajaliani.

Nimeandika upya, rasimu kwa Kiswahili kurasa nne, sasa nakata ziwe mbili alafu ndo nianze vita na Kiingereza. Jumatano tunaenda ofisini kwake mimi, CR na wenzangu wawili, tutamdai huo mfano wa kazi nzuri na namna mtihani utakavyokuwa. CR mwanzo aligoma, anasema barua ishapata saini 60 na jina langu aliliandika mwenyewe kabla sijaamua, namba 14. Nimemwambia alifute, kasema karatasi itachafuka.

Binti Buguruni, hilo la kuandika kwa Kiswahili nitamuuliza pia. Na mwenye pasti pepa yoyote ya nadharia za sosholojia yenye maswali ya mfano kama huu wa kuangalia vitu, hata ya chuo kingine, aniangushie inbox tafadhali, tesiti haijasogezwa.